Sura ya Tano: Hatukuwa na Pomboo wa Kumsingizia

Kutoka Marangu Mtoni, pale magari ya Moshi yanapogeuzia, maporomoko ya Kinukamori hayako mbali. Kwa miguu ni dakika kama 20. Ukiwa na bibi au mtoto, weka nusu saa. Njia inapita katikati ya vihamba, migomba kushoto, migomba kulia, kahawa chini yake, na mara kwa mara mfongo, mfereji mwembamba wa maji, unakuvukia mbele ya miguu ukiwahi shamba la mtu. Unalipa kiingilio, unaonyeshwa sanamu. Ni ya msichana, na hapo karibu yuko chui.

Msichana anaitwa Makinuka. Wenyeji wanasimulia kwamba alipata mimba kabla ya kuolewa, na siku hizo kosa hilo lilikuwa la kufa mtu. Akaona heri ajiue mwenyewe kuliko kungoja wenzake wamuue. Akaja hapa juu ya maporomoko, akatazama chini, na moyo ukamrudi. Akageuka aende zake nyumbani, liwalo na liwe. Alipogeuka, njiani amesimama chui. Makinuka akarudi nyuma kwa hofu, akasahau kwamba nyuma yake hakuna ardhi.

Mzee aliyetuongoza siku hiyo aliisimulia vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeisimulia mara elfu na bado anaipenda. Alipofika kwenye chui alinyamaza kidogo ili tusikie maji.

"Meku," nikamwuliza, "na huyo aliyempa mimba alikuwa nani?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza kitu kisicho kwenye mtihani. "Hilo hawakutuambia," akasema. Kisha akatuonyesha ngazi za kushukia na kutuonya kwamba zinateleza.

Tumerithi jina la msichana, tumerithi na chui. Mwanamume hayumo. Nimezisoma na kuzisikiliza ngano nyingi za maji tangu siku hiyo, na ile iliyonirudisha Kinukamori kwa nguvu zaidi haikutoka Uchagani wala Afrika. Ilitoka Amerika ya Kusini, kwenye mto Amazon, ambako swali nililomuuliza yule mzee lina jibu, na jibu lenyewe ni mnyama.

Wanamwita boto. Ni pomboo, lakini si yule anayeruka mbele ya mashua za Kizimkazi. Huyu anaishi mtoni, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, maelfu ya kilomita kutoka baharini. Dume mkubwa anafikia mita 2 na nusu hivi, na rangi yake inakuwa ya waridi, hasa akizeeka na kujaa makovu ya ugomvi. Paji la uso limefura, macho ni madogo, mdomo mrefu kama koleo. Shingo yake ndiyo ya ajabu: pomboo wengi wa baharini wana mifupa ya shingo iliyoshikana, lakini ya boto imeachana, kwa hiyo anaweza kugeuza kichwa na kukuangalia begani kwake.

Watu wa Amazon wanasema kwamba usiku wa sikukuu za Juni, za Watakatifu Antoni, Yohane na Petro, mioto inapowashwa na ngoma kuanza, boto hutoka majini akawa kijana mtanashati. Amevaa nguo nyeupe, na kofia ambayo haivui. Anacheza kuliko wote, anakunywa kuliko wote, anamchagua msichana mzuri kuliko wote. Kabla ya alfajiri yuko mtoni tena. Kofia ina sababu yake: pomboo hupumua kwa tundu lililo utosini, na hilo tundu halibadiliki hata mwili wote ukibadilika. Ndiyo maana, katika vijiji vingine, mgeni akiingia ngomani na kofia kichwani, huambiwa kwa utani aivue watu waone.

Miezi inapita, msichana anajifungua. Baba ni nani? Wanasema ni mtoto wa boto. Kwa Kireno cha Brazili neno hilo limekuwa la kawaida kwa mtoto yeyote asiyejulikana baba yake, linatumika hata mjini na watu ambao hawajawahi kumwona pomboo.

Usicheke haraka. Kila jamii ina namna yake ya kulimaliza jambo hili. Pwani yetu wanasema kitanda hakizai haramu, na kesi imekwisha: mtoto ni wa mwenye kitanda, aliyelala hapo usiku gani ni shauri la Mungu. Amazon walimkabidhi mnyama. Kwenye hadithi ya Marangu hakukuwa na kitanda wala mnyama wa kukabidhiwa mtoto, lilikuwapo korongo tu.

Inaonekana, basi, kwamba wenzetu wa Amazon walikuwa na huruma zaidi. Nami niliamini hivyo kwa muda. Msichana hakosi heshima yote, kwa kuwa nani angeweza kumkataa kiumbe wa uchawi? Mtoto anapata baba mwenye hadhi, baba wa ajabu, ingawa hawezi kuletewa bili ya maziwa. Baba na kaka wa msichana hawana wa kumfuata kwa panga. Funika kombe mwanaharamu apite, na mithali hii sijui kama kuna mahali popote duniani ambako imetimizwa neno kwa neno kama huko.

Tatizo la kombe lililofunikwa ni kwamba hujui ndani kuna nini. Mtafiti wa Kimarekani Candace Slater, aliyetembea vijiji vya Amazon ya Brazili akikusanya masimulizi haya na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1994, aliwakuta wasimulizi ambao boto wao ana sura ya mgeni mweupe, mwenye fedha, anayetokea mahali pengine, anachukua anachotaka na kuondoka. Wapo wanaomwona ndani yake tajiri wa enzi ya mpira, wakati utomvu wa miti ya Amazon ulipokuwa dhahabu na wafanyabiashara wakipanda mto kwa meli. Wapo wengine, wa leo, wanaofanya kazi ya kuwalinda watoto, ambao wanasema wazi kwamba mara nyingi boto yuko nyumbani: ni mjomba, ni baba wa kambo, ni baba mwenyewe. Pomboo anabebeshwa dhambi ya mtu anayekula sahani moja na yule binti.

Kwa hiyo huruma ile ina mlango wa nyuma. Boto anamwokoa msichana asipigwe, na papo hapo anamwokoa aliyemtenda. Hadithi ya Makinuka haimwokoi yeyote, lakini mwanamume amepona humo pia, tena bila hata kuhitaji kofia.

Kwa nini wao walikuwa na pomboo na sisi hatukuwa naye? Hapa naomba tuache maadili kidogo, tuangalie mteremko. Mji wa Iquitos, Peru, uko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka mdomo wa Amazon, na bado mwinuko wake juu ya bahari ni mita 100 na kitu tu. Mto wa namna hiyo hauporomoki, unatambaa. Mvua zikizidi, maji yanapanda mita 10 hivi na kuingia msituni, na boto wanaingia nayo, wanaogelea katikati ya magogo wakiwinda samaki mahali ambapo miezi michache nyuma watu walikuwa wakipita kwa miguu. Mvuvi anapiga kasia ndani ya msitu uliozama, kimya, giza linaingia. Nyuma yake mtu anashusha pumzi. Phuuu. Anageuka, haoni mtu. Pomboo hana budi kutoka juu kuvuta hewa kama mimi na wewe, na pumzi yake ni ya joto, nzito, ya kiumbe aliyechoka. Ukiishi na sauti hiyo miaka yote, kumfanya mwenye sauti kuwa binadamu si kazi kubwa.

Sasa tuangalie kwetu. Kutoka theluji ya Kibo, mita 5,895, hadi stendi ya Moshi, mita zaidi ya 800, ni safari fupi ambayo maji yanaifanya kwa kuruka: Marangu yanaruka, Materuni yanaruka, kila korongo lina poromoko lake. Yakifika tambarare yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka huko yakiwa Mto Pangani, na baada ya maporomoko mengine na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani yanaingia bahari ya Hindi, mwendo wa kilomita kama 500 kwa jumla. Pomboo wapo, lakini mwisho wa safari. Wanaokwenda kisiwa cha Maziwe kwa mashua kutoka mji wa Pangani huwaona. Mvua iliyonyesha Marangu inawafikia wao. Wao hawatufikii sisi.

Basi watu wa mlimani wakabaki na maji yasiyo na mnyama wa kuyasemea. Haikuwazuia kujua kwamba chini yake kuna watu.

Mwaka 1902 alifika Uchagani mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Bruno Gutmann, akakaa, ukiacha vipindi vichache, hadi 1938, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa Kidia, Old Moshi. Alikuwa na udhaifu wa kupenda kila cha kale hata pale ambapo vijana wa Kichagga wenyewe walitaka shule na barabara, na kwa hilo wamemlaumu, nadhani kwa haki. Lakini aliandika. Mwaka 1914 alichapisha kitabu cha ngano za Wachagga kwa Kijerumani, na baadhi yake Alice Werner alizisimulia upya kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu. Mojawapo ni ya Marwe.

Marwe na kaka yake waliachiwa shamba la maharage walinde nyani. Jua likawa kali, kiu ikawashika, wakaenda kwenye kidimbwi kunywa maji. Waliporudi, nyani wamemaliza kazi. Marwe akaogopa hasira ya wazazi, akakimbilia dimbwini akajitosa. Kaka akapeleka habari nyumbani. Wazazi wakaja mbio hadi ukingoni, wakaita. Hawakugomba. Walimwita arudi, wakamwambia maharage si kitu, shamba litapandwa tena. Kila siku wakaja, wakaita. Marwe hakutoka.

Alikuwa amezama hadi chini kabisa, na chini kabisa hakukuwa na matope. Kulikuwa na nchi, na nyumba, na bibi kizee aliyeishi na watoto. Marwe akakaa naye. Ulipofika wakati wa kutamani nyumbani, bibi akampa swali: ya moto au ya baridi? Mtoto mwingine angetaka joto. Marwe akachagua ya baridi. Akaambiwa atie mikono chunguni. Akaitoa imejaa bangili. Akatia miguu, ikatoka imepambwa. Akavishwa vazi la shanga, akaambiwa na jina la mume wake, Sawoye, kisha akapandishwa juu.

Walimkuta ameketi ukingoni, anametameta, na nchi ina njaa. Wanaume wakaja, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akitaka kumbeba. Akawakataa wote. Akamtaka Sawoye, ambaye ngozi yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa hata watu wakimkimbia. Sawoye akambeba, wakaoana, ugonjwa ukaisha. Hadithi inaendelea, ina wivu wa majirani na ina damu, lakini mimi hushukia hapa.

Iweke sasa karibu na ya Amazon. Huko nako chini ya mto pana mji, wanauita Encante, wenye taa, muziki na watu wazuri, na boto ndio raia wake. Anayepelekwa huko anaonywa asile chochote, kwa sababu akionja chakula chao hatarudi. Ni nchi inayomeza. Ya Marwe ni nchi inayolea. Boto anapanda juu kumfuata msichana. Marwe anashuka mwenyewe, na anapanda akiwa ndiye mwenye kuchagua. Katika hadithi zote za maji nilizokutana nazo, sijaona msichana mwingine anayewakataa wakubwa hadharani namna hiyo na hadithi ikamwunga mkono.

Na tazama ukingoni wamesimama akina nani. Kwa Marwe wamesimama mama na baba wakiita. Kwa Makinuka amesimama chui. Ni mlima mmoja, ni watu walewale, na maji yanayotoka msitu uleule. Tofauti ni kwamba kosa la mmoja lilikuwa maharage.

Kuna maji mengine niyataje, kwa kuwa msomaji wa Rombo hatanisamehe nikiyaruka. Ziwa Chala liko mpakani, nusu letu, nusu la Kenya upande wa Taveta. Hulioni mpaka umefika ukingoni: unapanda kilima cha kawaida chenye vichaka, mara ardhi inakatika na chini kabisa kuna duara la maji, buluu asubuhi, kijani mchana, lenye kina cha mita zipatazo 90. Charles New, mmisionari wa Kiingereza, alifika mwaka 1871. Hadithi ambayo wasafiri wa karne ile waliikuta huko, na ambayo bado inasimuliwa, ni kwamba hapo palikuwa na kijiji cha Wamasai kilichomezwa na ardhi, na ukitulia utasikia ng'ombe wakilia huko chini.

Wanasayansi walitoboa tope la ziwa hilo mwaka 2016 na kutoa nguzo ya udongo ya zaidi ya mita 200, yenye kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka ipatayo 250,000. Kwa hesabu hiyo hakuna kijiji cha Wamasai kilichokuwapo kumezwa. Lakini ng'ombe ninawaamini. Kuta za shimo lile ni ndefu na zimesimama wima; mchungaji akipitisha mifugo ukingoni upande wa pili, sauti inashuka, inagonga maji, inakufikia kutoka chini. Niliisikia mwenyewe, na ingawa nilikuwa na maelezo yangu mfukoni, nywele zilinisimama. Yupo pia samaki, perege asiyepatikana pengine popote duniani isipokuwa Chala, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1889 na sasa yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, baada ya watu kupandikiza perege wa aina nyingine mle ndani. Na mamba walikuwamo. Mwaka 2002 waliua mtu aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya. Ukiambiwa na wenyeji usiingie, usiingie.

Kuogopwa ni ulinzi. Kwa miaka mingi boto aliishi kwa sababu hiyo: aliyemuua aliamini kwamba balaa itamrudia. Ulinzi huo haukuwa kamili hata zamani, kwani macho na viungo vyake vya uzazi viliuzwa sokoni kama dawa ya mapenzi, na vinauzwa hadi leo. Wachunguzi walipopima vinasaba vya hayo macho waligundua kwamba mengi si ya boto kabisa, ni ya pomboo wa pwani. Wateja wa dawa za mapenzi wanaibiwa kila bara. Lakini kilichovunja hofu kwa kweli ni biashara ya samaki. Kuna kambare wa huko anayependa mizoga, aitwaye piracatinga, na mwanzoni mwa karne hii wavuvi waligundua kwamba nyama ya boto ni chambo kizuri kwake. Brazili ilipiga marufuku uvuvi wa kambare huyo kuanzia mwaka 2015. Mwaka 2018 boto aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Binamu yake wa mto Yangtze, China, alitafutwa mwaka 2006 na hakuonekana hata mmoja.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 2023. Mwishoni mwa Septemba, katika Ziwa Tefé, ndani ya Amazon ya Brazili, maji yalipungua na kupata joto hadi nyuzi 39, joto la mtu mwenye homa. Zaidi ya boto na pomboo wengine 150 walikutwa wamekufa wakielea ndani ya wiki chache. Nilitazama picha zake kwenye simu: watu waliovaa glavu na barakoa wanavuta mwili wa waridi kwenye kitambaa, wanaubeba wanne wanne, kama sisi tunavyombeba mgonjwa kwa machela kumshusha kwenye mteremko usiopitika gari. Kofia haikuwapo, na tundu la utosini lilikuwa wazi kwa kila mtu kuliona.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo ya Desemba, ambapo kila Mchagga aliye hai hurudi nyumbani na barabara ya Himo inajaa magari ya Dar, nilirudi Kinukamori na watoto wa dada yangu. Mzee mwingine, maneno yaleyale, mnyamazo uleule kwenye chui. Mpwa wangu mkubwa, aliye darasa la 6, alimsikiliza hadi mwisho.

"Babu, na mwanamume?"

"Mwanamume gani?"

"Wa mimba."

Mzee akacheka, akamshika bega, akasema binti huyu atakuwa wakili. Tukapigwa picha. Sanamu pale juu ni mbili: ya msichana na ya chui.